Mishahara minono, mishahara kiduchu: Sababu za kazi kutolipwa sawa nchini

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, mazungumzo ya aina moja huanza katika maelfu ya nyumba nchini. Mtahiniwa huketi na wazazi wake, pengine na mjomba aliyewahi kufanya kazi mjini, na orodha ya kozi za vyuo huwekwa mezani. Maswali huwa mengi, lakini lililo zito ni moja: ni kazi ipi yenye mshahara mzuri?

Swali hilo ni la haki. Familia nyingi huuza ng'ombe, hukodisha shamba au hukopa chamani ili kumsomesha mtoto mmoja, zikitumaini kwamba siku moja atawavuta wenzake. Kosa limo katika namna linavyojibiwa. Mara nyingi jibu huwa ni tarakimu moja tu iliyosikika kwa jirani au kusomwa mahali, bila yeyote kuuliza tarakimu hiyo ni ya nani, ya mwaka gani, kabla ya makato au baada yake, na ni wangapi wanaoipata.

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Mshahara nao huundwa. Nyuma ya kila tarakimu kuna historia, sheria, migomo, kodi na uwezo wa mwajiri. Anayetaka kulinganisha kazi moja na nyingine hana budi kuyafahamu hayo kwanza.

Mizizi ya tofauti

Katika enzi ya ukoloni, kipimo cha kwanza cha mshahara wa mtumishi wa umma kilikuwa rangi ya ngozi. Tume iliyoongozwa na Sir Maurice Holmes, ambayo ilichunguza utumishi wa umma wa Afrika Mashariki mnamo 1947 na 1948, ilipendekeza kwamba mtumishi asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu, hata kama wote wawili walifanya kazi ileile.

Mwaka wa 1954, tume nyingine chini ya Sir David Lidbury ilipendekeza viwango hivyo vya rangi viondolewe. Hata hivyo, watumishi waliotoka ng'ambo waliendelea kupewa malipo ya ziada ya kuwavutia kuja kufanya kazi huku.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, Waafrika walikalia viti vilivyoachwa na Wazungu na kurithi mishahara iliyoandamana na viti hivyo. Pengo kati ya afisa wa juu na tarishi wa chini likabaki palepale, ila sasa lilikuwa kati ya Mkenya na Mkenya.

Mnamo 1971, tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa iliruhusu watumishi wa serikali kumiliki biashara zao binafsi. Tangu wakati huo, mshahara ulioandikwa kwenye karatasi haukuwa tena kipimo kamili cha kipato cha afisa wa umma. Wawili wenye cheo kimoja waliweza kuishi maisha yasiyofanana hata kidogo, mmoja akitegemea mwisho wa mwezi na mwenzake akiwa na duka, matatu au nyumba za kupangisha.

Nani hupanga?

Kabla ya Katiba ya 2010, wabunge walikuwa na uwezo mkubwa wa kujiamulia malipo yao wenyewe. Katiba hiyo, kupitia Kifungu cha 230, iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Jukumu lake ni kuweka na kukagua malipo ya maafisa wa dola, miongoni mwao rais, mawaziri, majaji, wabunge na magavana. Kwa watumishi wengine wa umma, kama vile walimu, wauguzi na makarani, tume hiyo huishauri serikali kuu na serikali za kaunti.

Katiba imeipa tume hiyo mizani yenye pande kadhaa. Sharti ihakikishe kwamba gharama ya mishahara inaweza kubebwa na umma, kwamba serikali inaweza kuwavutia na kuwadumisha wenye ujuzi, kwamba bidii ya kazi inatambuliwa, na kwamba kuna uwazi na haki. Pande hizo huvutana. Anayewatetea madaktari hutaja ujuzi, naye Waziri wa Fedha hutaja mzigo kwa mlipa ushuru.

Mvutano wa kwanza mkubwa ulizuka mwaka wa 2013. Tume, wakati huo ikiongozwa na Sarah Serem, ilipunguza mshahara wa mbunge kutoka Sh851,000 hadi Sh532,500 kwa mwezi. Wabunge wapya walikataa katakata, nao wananchi waliokasirika wakaandamana hadi nje ya majengo ya Bunge mnamo Mei 14, 2013, wakimwaga damu na kuachilia nguruwe kama ishara ya ulafi. Hatimaye wabunge waliukubali mshahara huo, lakini wakapewa ruzuku ya Sh5 milioni kila mmoja ya kununua gari.

Mwaka wa 2023, SRC ilipanga mshahara wa mbunge uwe Sh725,502, na uongezwe tena Julai 2024. Maandamano ya vijana ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha yalibadilisha mambo. Baada ya mswada huo kuondolewa, nyongeza hiyo ya maafisa wa dola nayo ilisimamishwa.

Kwa wafanyakazi wa chini, serikali huweka kima cha chini cha mshahara kwa kuchapisha amri katika gazeti rasmi. Kuanzia Novemba 1, 2024, kima hicho kiliongezwa kwa asilimia 6. Kibarua wa kawaida katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, kikundi ambacho huwajumuisha pia watumishi wa nyumbani, wafagiaji na mabawabu wa mchana, akawekewa Sh16,113.75 kwa mwezi. Kibarua wa shambani asiye na ujuzi aliwekewa takriban Sh8,000. Keshia, fundi wa daraja la kwanza au dereva wa lori kubwa katika miji hiyo mitatu aliwekewa zaidi ya Sh36,000.

Ukiviweka viwango hivyo viwili pamoja, mshahara wa mbunge wa mwezi mmoja ni sawa na kima cha chini cha kibarua wa Nairobi cha miezi 45. Ni muhimu kukumbuka pia kwamba kima cha chini kimewekwa na sheria tu, na kwamba watumishi wengi wa nyumbani na wa mashambani hulipwa chini yake kwa sababu hawajui haki yao au wanaogopa kufutwa.

Ngazi ya maamuzi

Watu wengi hudhani kwamba mshahara hupangwa kulingana na ugumu wa kazi au jasho linalomwagika. La. Katika utumishi wa umma, SRC ilizitathmini kazi kwa kutumia mfumo uliobuniwa na msomi aitwaye Paterson, ambao hupima zaidi uzito wa maamuzi anayofanya mfanyakazi. Kazi huwekwa katika makundi ya herufi kuanzia A, ambako mtu hufuata maagizo, hadi yale ya juu ambako mtu huamua mwelekeo wa taasisi nzima.

Ndiyo sababu mwalimu aliyefundisha darasani kwa miaka 25 anaweza kulipwa kidogo kuliko mwenzake mdogo kwa umri aliyepandishwa cheo na kuwa mkuu wa shule. Mfumo huu huangalia nani anawajibika kwa walimu, wanafunzi na fedha za shule, wala hauangalii sana nani amekula chaki nyingi.

Mfano bora unapatikana kwa walimu wenyewe. Chini ya mkataba wa pamoja wa 2017 hadi 2021, mwalimu wa shule ya msingi wa ngazi ya B5, iliyo ya chini kabisa, alipangiwa mshahara wa kimsingi wa kati ya Sh21,756 na Sh27,195. Mwalimu mkuu wa shule kubwa ya sekondari, aliye katika ngazi ya D5, alipangiwa kati ya Sh131,380 na Sh157,656. Wote huitwa walimu na huajiriwa na tume moja ya TSC, lakini wa juu kabisa alipata zaidi ya mara saba ya wa chini kabisa.

Kwa hivyo, kuuliza tu mwalimu hulipwa pesa ngapi ni kuuliza swali lisilo na jibu moja. Lifaalo kuulizwa ni mwalimu wa ngazi gani, ana miaka mingapi kazini, anafunza eneo gani na uwezekano wake wa kupandishwa cheo ni upi.

Nguvu ya mgomo

Sababu nyingine ya tofauti za mishahara ni uwezo wa wafanyakazi kusimama pamoja. Mnamo Oktoba 1997, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, walimu chini ya chama chao cha KNUT na katibu mkuu wake, Ambrose Adeya Adongo, waligoma. Serikali ilikubali nyongeza ya hadi asilimia 200, ambayo ingelipwa kwa awamu katika muda wa miaka mitano. Uchaguzi ulipopita, utekelezaji ulikwama, na walimu walilazimika kugoma tena na tena katika miaka iliyofuata.

Madaktari nao walitia saini mkataba na serikali mwaka wa 2013. Ulipokosa kutekelezwa, waligoma kuanzia Desemba 5, 2016, na mgomo huo ukadumu siku 100. Viongozi wa chama chao walifungwa jela kwa siku chache mnamo Februari 2017 kwa kukaidi amri ya mahakama. Wagonjwa wasio na uwezo wa kwenda hospitali za kibinafsi ndio walioumia zaidi.

Mwaka uo huo wauguzi waligoma kwa takriban miezi mitano. Licha ya kuwa mgomo wao ulikuwa mrefu zaidi, walipata kidogo kuliko madaktari. Ni funzo kwamba muda wa mgomo pekee hautoshi, kwani uchache wa wataalamu na ugumu wa kuwapata wengine wa kushika nafasi zao ndio humpa mfanyakazi nguvu mezani.

Tofauti hii ilijitokeza waziwazi mwaka wa 2024 kwa upande wa wanagenzi. Kwa mujibu wa mkataba wa 2017, daktari mwanagenzi alistahili kulipwa takriban Sh206,000 kwa mwezi. Serikali ilitaka kumlipa Sh70,000, na hilo likawa miongoni mwa mambo yaliyochochea mgomo wa siku 56 kuanzia Machi hadi Mei mwaka huo.

Wakati uo huo, walimu wanagenzi wa shule za sekondari msingi, wengi wakiwa na shahada, walikuwa wakilipwa Sh20,000 kabla ya makato. Mnamo Aprili 2024, Mahakama ya Ajira ilitoa uamuzi kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu na kusajiliwa kwa njia ya uanagenzi hakukuwa halali. Mapema mwaka wa 2025, walimu 46,000 wa aina hiyo waliajiriwa kwa masharti ya kudumu.

Ni kweli daktari husoma chuoni kwa miaka sita na mwalimu wa shahada miaka minne, na ni kweli daktari hukesha wodini. Lakini miaka miwili ya ziada haiwezi peke yake kueleza pengo la mara kumi. Sehemu kubwa ya pengo hilo yaelezwa na jambo moja: taifa lina walimu wengi waliohitimu wanaosubiri kazi, na mwajiri analijua hilo.

Kuisoma hati ya mshahara

Hata pale tarakimu inapojulikana, kuna mtego mwingine. Malipo ya mfanyakazi wa Kenya yana sehemu mbili, yaani mshahara wa kimsingi na marupurupu. Katika utumishi wa umma, SRC iligundua kuwa kulikuwa na aina zaidi ya 200 za marupurupu, zikiwemo za nyumba, usafiri, mazingira magumu na hatari ya kazi.

Marupurupu hufurahisha leo lakini huumiza kesho. Pensheni ya mtumishi wa umma na kiinua mgongo cha wengi huhesabiwa kwa mshahara wa kimsingi. Anayelipwa Sh100,000, nusu yake ikiwa marupurupu, atastaafu akiwa maskini kuliko mwenzake anayelipwa Sh80,000 ambazo zote ni mshahara wa kimsingi. Mwenye kulinganisha ajira mbili asipotazama mgawanyo huo, atadanganyika.

Kisha kuna makato. Kwa viwango vilivyotumika mwaka wa 2025, mfanyakazi alikatwa asilimia 6 ya mshahara kwa hazina ya uzeeni ya NSSF hadi kiwango fulani, asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 kwa ushuru wa nyumba. Kiasi kilichobaki ndicho kilichotozwa kodi ya mapato: asilimia 10 kwa Sh24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa Sh8,333 zinazofuata, na asilimia 30 hadi kufikia Sh500,000. Waliokuwa juu ya hapo walitozwa asilimia 32.5, na waliopita Sh800,000 asilimia 35. Kila mfanyakazi alipunguziwa kodi kwa Sh2,400 kwa mwezi.

Chukua mfanyakazi anayelipwa Sh50,000. NSSF itachukua Sh3,000, SHIF Sh1,375 na ushuru wa nyumba Sh750. Sh44,875 zinazosalia zikitozwa kodi, KRA itapata takriban Sh5,846. Mfanyakazi huyo ataenda nyumbani na karibu Sh39,000, kabla ya kulipa mkopo wowote wa benki au chama cha akiba.

Kwa viwango hivyo vya 2025, mwenye mshahara wa Sh100,000 alipeleka nyumbani karibu Sh71,600. Kumbe yule anayelipwa mara mbili hapati mara mbili mfukoni, bali Sh32,600 zaidi. Kwa upande wa chini, kibarua wa Nairobi anayelipwa Sh16,113.75 pamoja na asilimia 15 ya nyumba ambayo sheria inamdai mwajiri kuongeza, atapata jumla ya takriban Sh18,530. Huyu hatozwi kodi ya mapato, lakini makato yale matatu humwachia karibu Sh16,630.

Mahali pa kazi pia ni sehemu ya hesabu. Karani anayelipwa Sh45,000 mjini Nairobi na kulipa kodi ya nyumba, nauli mbili kwa siku na kununua hata mboga, anaweza kuweka akiba ndogo kuliko mwenzake wa Sh35,000 aliye Bungoma au Nyeri, anayeishi karibu na kazini na kupata mahindi kutoka shambani.

Tahadhari ya wastani

Mtego wa tatu ni neno wastani. Tuseme kampuni moja ina watu kumi. Tisa hulipwa Sh30,000 kila mmoja, naye mkurugenzi hulipwa Sh730,000. Jumla ni Sh1 milioni, hivyo wastani ni Sh100,000. Kampuni hiyo ikitangaza kwamba wastani wa mshahara wake ni Sh100,000 haitakuwa imesema uongo, lakini hakuna hata mtu mmoja anayelipwa kiasi hicho, na kijana anayeajiriwa atajipata miongoni mwa wale tisa.

Ndivyo ilivyo katika taaluma zinazosifiwa kwa utajiri. Mawakili wachache wa Nairobi wanaotetea mashirika makubwa hupata mamilioni kwa kesi moja. Lakini kwa kila mmoja wao, kuna wengi wanaozunguka mahakama za mashinani wakitafuta mteja wa kesi ya shamba. Tena wakili husoma shahada kwa miaka minne, kisha huenda katika Chuo cha Mafunzo ya Sheria na kufanya uanagenzi kabla ya kuapishwa, na katika kipindi hicho chote kipato chake huwa haba au hakipo kabisa.

Uanahabari, usanii, siasa na spoti zina hulka hiyohiyo. Majina machache hung'aa, nayo maelfu hubaki gizani. Kwa upande mwingine, uuguzi na ualimu ni kazi ambazo pengo kati ya aliyefanikiwa sana na wa kawaida ni dogo zaidi. Anayechagua kazi kwa kumtazama aliye kileleni hana budi kujiuliza ni wangapi waliobaki bondeni.

Wasio na hati ya mshahara

Mazungumzo mengi ya mishahara huwasahau Wakenya walio wengi. Takwimu za serikali zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya walioajiriwa nje ya kilimo kidogo wamo katika sekta ya jua kali. Mwaka wa 2024, kati ya nafasi mpya za kazi takriban 782,000 zilizopatikana nchini, karibu tisa katika kila kumi zilikuwa za sekta hiyo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka wa 1972 ndiyo iliyoifanya sekta ya aina hii ijulikane ulimwenguni kote.

Mwendeshaji bodaboda, fundi wa cherehani, kinyozi, mama mboga na mwashi hawana mshahara. Wana mapato, na mapato si faida. Mwendeshaji bodaboda anayejivunia kushika Sh1,500 kwa siku hana budi kuondoa mafuta, hesabu ya mwenye pikipiki, matengenezo, bima na siku za mvua ambazo abiria hawapatikani. Dereva wa matatu vilevile hula kinachobaki baada ya mwenye gari kupata hesabu yake.

Aidha, mwenye ajira rasmi ana mambo ambayo hayaonekani mfukoni. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya angalau siku 21 kwa mwaka yenye malipo, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama, na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia iwapo nafasi yake itaondolewa. Fundi wa jua kali akiugua wiki mbili, hupoteza mapato ya wiki mbili na hulipa hospitali juu yake.

Hata hivyo, si haki kuidharau kazi ya mikono. Fundi stadi wa umeme, wa kuchomelea vyuma au wa mabomba aliyejijengea jina katika mji unaokua anaweza kumpita mbali mwenye shahada anayefanya kazi ya ukarani. Isitoshe, hana umri wa lazima wa kustaafu wala hasubiri kupandishwa cheo na mtu.

Hesabu ya muda

Wazazi wengi hulinganisha mishahara ya mwezi na kusahau miaka. Chukua mfano huu wa hesabu tu. Kijana wa kwanza anasomea ufundi na kuanza kupata Sh30,000 kwa mwezi akiwa na miaka 20. Wa pili anaendelea na masomo hadi afikishe miaka 26. Wakati huyo wa pili anaanza kazi, wa kwanza atakuwa tayari amepata Sh2,160,000.

Iwapo wa pili ataanza na mshahara wa Sh100,000, tofauti ya Sh70,000 kwa mwezi itamwezesha kumfikia mwenzake katika muda wa miezi 31 hivi, bila kuhesabu karo. Lakini iwapo mshahara wake wa kwanza utakuwa Sh40,000, tofauti itakuwa Sh10,000 tu, na atahitaji miezi 216, yaani miaka 18. Na akikaa nyumbani miaka kadhaa akitafuta kazi, kama ilivyo kwa wahitimu wengi, safari itakuwa ndefu zaidi.

Hapo hujaongeza deni. Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa kulipa hutozwa faini kila mwezi. Gharama ya kozi moja ya chuo kikuu na nyingine hutofautiana sana. Kozi ya udaktari ndiyo miongoni mwa zilizo ghali zaidi, na familia inastahili kuuliza gharama yote ya miaka sita badala ya ile ya muhula wa kwanza.

Mfumuko wa bei nao hula mshahara kimyakimya. Benki Kuu hulenga mfumuko wa asilimia 5 kwa mwaka. Bei zikipanda kwa kiwango hicho kwa miaka kumi, Sh50,000 zitanunua vitu ambavyo hapo mwanzo vilinunuliwa kwa karibu Sh30,700. Kazi inayoanza na mshahara mzuri lakini isiyo na nyongeza, au isiyo na chama cha kupigania nyongeza, hupoteza thamani kila mwaka bila mfanyakazi kukatwa hata senti.

Maswali ya kuuliza

Kutokana na hayo yote, familia inayolinganisha kazi ingefaa kuweka kando swali la nani analipwa zaidi, na badala yake kuuliza maswali sita. Je, mhitimu wa kawaida, wala si aliyefanikiwa sana, hulipwa pesa ngapi anapoanza? Ni wangapi kati ya waliohitimu waliopata kazi hiyo, na baada ya muda gani? Mshahara wa kimsingi ni sehemu gani ya malipo yote? Hubaki ngapi baada ya makato na gharama za maisha mahali kazi iliko? Ngazi za kupanda ni zipi? Na masomo yatagharimu pesa na miaka mingapi?

Majibu hayapatikani kwenye orodha ya kozi. Yanapatikana kwa aliyehitimu miaka mitatu iliyopita katika fani hiyo, aliye tayari kusema ukweli kuhusu hati yake ya mshahara. Mahojiano ya nusu saa na mtu kama huyo yana faida kuliko uvumi wa mtaa mzima.

Swali la saba halina tarakimu, nalo ni la mtoto mwenyewe. Mtu hufanya kazi kwa miaka 30 au 40. Aliyesukumwa katika uhandisi na hesabu humshinda, au katika udaktari na damu humtia kizunguzungu, hatafika kwenye ngazi ambako mishahara minono hulipwa, kwa sababu ngazi hizo hupandwa na wanaoimudu na kuipenda kazi yao.

Tofauti za mishahara zitakuwapo daima. Linaloweza kubadilika ni kama kijana ataziingia akiwa amefumba macho au akiwa na kalamu na karatasi mkononi. Ng'ombe aliyeuzwa kulipa karo harudi zizini, na hesabu ya kumuuza inafaa kufanywa kabla hajafunguliwa kamba.